Fundi Zuleha alivyopima intaneti kwa kisado

Saa tatu asubuhi, jua la Zegereni, Kibaha, limeshaanza kuuma, na Zuleha Shomari yuko juu ya paa la karakana ya matofali, spana mkononi, mkanda wa usalama kiunoni. Mbele yake kuna dishi jeupe la intaneti, si kubwa kuliko ungo wa kupepetea mchele. Analisogeza kidogo kushoto, analirudisha nusu ya kidogo hicho, kisha anakaza nati.

"Jaribu sasa," anaita.

Chini, Latifu, mwenye karakana, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeomba dua. Anashusha video ya mashine mpya ya kufyatulia matofali aliyotumiwa na muuzaji. Namba inapanda, inayumba, inatulia. Latifu anakunja uso.

"Fundi, mimi nimelipia hamsini. Hapa naona sita."

"Sita na ngapi?"

"Sita na robo."

"Basi hamsini yako imefika yote," Zuleha anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye nati. "Hiyo sita na robo izidishe kwa nane."

Kibarua mmoja aliyepakaa saruji hadi kwenye kope anaweka toroli chini. "Bosi, na mimi leo nikikufyatulia tofali sita nikakwambia uzidishe kwa nane, utanilipa?"

Karakana nzima inacheka, na Zuleha anacheka nao huko juu. Zamani kicheko hicho kingemchoma. Siku hizi hashuki kwenye paa la mtu akaondoka kabla swali hilo halijajibiwa likaisha. Anashuka, anafuta mikono, anaomba ndoo ndogo na kopo, na somo linaanza.

Somo lenyewe ni fupi. Kasi ya intaneti ina vipimo viwili. Kampuni huuza kwa biti, ambayo ndiyo chembe ndogo kuliko zote ya habari inayopita hewani au kwenye waya. Simu na kompyuta, zinaposhusha faili, mara nyingi huhesabu kwa baiti. Biti nane ndizo hufanya baiti moja. Biti milioni moja huitwa megabiti, baiti milioni moja huitwa megabaiti. Kwa hiyo aliyeuziwa megabiti hamsini kwa sekunde, simu yake itamwonyesha megabaiti sita na robo kwa sekunde, hata kama mtandao hauna kasoro yoyote.

Hakuna aliyeibiwa. Lakini hakuna aliyeambiwa pia, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Pita barabara ya Morogoro uyatazame mabango ya intaneti. Namba ni kubwa kama nyumba. Kipimo, kama kimewekwa, ni kidogo kama chawa. Mwenye bango hulala usingizi wake. Anayetukanwa ni fundi aliye juu ya bati.

Zuleha ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Anaishi Maili Moja, ambako amepanga fremu nyembamba ya biashara kati ya duka la vipuri vya pikipiki na saluni. Ni wakala wa kampuni ndogo inayouza intaneti ya dishi: yeye hutafuta wateja, hufunga vifaa, na hurudi vinapogoma. Mwezi mzuri hubakiwa na kama shilingi laki sita. Masika yanapokuwa makali na mapaa yanateleza, hata laki mbili huwa za kutafuta.

Kazi hii hakuisomea mwanzoni, bali aliipikia. Alipomaliza kidato cha nne, aliuza chakula kwa vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa kulaza nyaya za mawasiliano. Siku moja mshika waya aliugua tumbo, na msimamizi akamwomba mpishi ashike waya hadi chakula kiive. Chakula kiliungua, waya ukafika. Tangu siku ile hakurudi jikoni. Baadaye alilipa ada ya kozi fupi kwenye chuo cha ufundi, akatoka na cheti na jozi ya buti.

Mama yake, Bi Hamisa, alipinga. Yeye ni mkulima wa mihogo na korosho katika kitongoji cha Mikoroshini, Kisarawe, na aliona si heshima mtoto wa kike kuparamia mapaa ya watu. Alimuuliza mwanawe watu wakiinua macho wataangalia nini. Zuleha alimjibu kwamba wataangalia dishi. Akavaa suruali nene ndani ya baibui na akapanda.

Ni huko huko Mikoroshini, nyumbani kwa mama yake, ambako nusura kazi hii imfie mikononi.

Kitongoji hicho kimekaa bondeni. Simu zilikuwa zikishika mtandao mlangoni na kuupoteza jikoni. Mwaka jana nyumba kumi ziliunda kikundi, zikamwita Zuleha afunge dishi moja kileleni mwa kilima na kugawa intaneti kwa kila nyumba. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mzee Jabiri, mtu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti isiyopanda. Watu wa Mikoroshini wanamwamini kwa sababu moja kubwa: yeye ndiye mgawaji wa nyama.

Pale kitongojini, mnyama akichinjwa kwa sadaka au kwa Idi, nyama hupangwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Mtu mmoja hugeuka na kuyapa mafungu mgongo. Mzee Jabiri hugusa fungu kwa kijiti na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka hutaja jina bila kuona. Kwa namna hiyo tajiri hapati mnofu kwa utajiri wake, wala mjane hapewi mfupa kwa ujane wake. Miaka yote hiyo hakuna aliyeondoka na kinyongo.

Kwa hiyo Zuleha alipowaeleza kuwa wamepata kasi ya ishirini, Mzee Jabiri hakufikiri mara mbili. Nyumba kumi, mafungu kumi, kila nyumba mbili zake. Alimwagiza Zuleha aifunge ruta, kile kifaa cha kugawia intaneti, hivyo hivyo, asiwepo mtu wa kugusa fungu la mwenzake.

"Nilijua haitakaa vizuri," anasimulia Zuleha. "Lakini nilikuwa mgeni kwenye kazi ya madishi na mtoto kwenye baraza. Unamwambiaje mgawaji wa nyama kwamba hajui kugawa?"

Hakumwambia. Alifunga ruta kama alivyoagizwa, akapewa kuku na mihogo, akarudi Maili Moja.

Mambo yalikwenda, japo kwa kuchechemea. Ujumbe ulifika, picha zilifika zikiwa zimechoka. Wenye ndugu Muscat waliongea nao wakiona nyuso zilizoganda midomo ikiwa wazi. Watu walivumilia, wakidhani ndivyo intaneti ilivyo.

Kisha akaja Sadick. Huyu ni kijana wa nyumbani, mpwa wa Mzee Jabiri, anayefanya kazi katika kiwanda kimoja Zegereni na kurudi Mikoroshini kila mwisho wa juma. Siku hiyo alitaka kushusha mechi aliyoikosa. Akasubiri, akanywa chai, akasubiri. Mwishowe akatazama namba ya kasi kwenye simu yake na kukuta robo. Robo tupu.

Baada ya sala ya adhuhuri aliwaonyesha wenzake simu ile. Tumeambiwa ishirini, akasema, tumegawana mbili mbili, na hata hiyo mbili ni robo. Moja na robo tatu za kila nyumba ziko wapi? Nyumba ni kumi. Jumlisheni wenyewe.

Watu walijumlisha. Na kwa bahati mbaya, mwezi huo huo Zuleha alikuwa ameezeka upya kijumba chake cha Maili Moja. Mtu fulani aliyepita barabarani aliyaona mabati yakimeta. Habari ilivuka kilima kabla ya magharibi: megabiti za Mikoroshini zimeota bati Maili Moja.

Zuleha angeweza kuyabeba hayo akiwa mbali. Aliyeyabeba kwa karibu ni mama yake. Bi Hamisa alikwenda kusaidia kupika kwenye arusi ya jirani, na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakanyamaza alipoketi. Mmoja akamuuliza kwa upole wenye miba kama huko kwa mwanawe paa bado linavuja. Bi Hamisa alimaliza kitunguu kilichokuwa mkononi, akaosha kisu, akaondoka. Hakwenda tena kwenye shughuli ya mtu.

Hakumpigia mwanawe kulalamika. Alimpigia kumuuliza swali moja, na Zuleha bado analikumbuka neno kwa neno.

"Mwanangu, umekula vya watu?"

"Sijala, mama."

"Basi njoo uwaambie wewe. Mimi siijui lugha ya vitu vyako."

Kikundi kilikuwa kimeshaitisha kikao kuamua kama dishi lishushwe. Kwa Zuleha hilo halikuwa suala la mteja mmoja kuondoka. Dishi likishushwa kwa neno la wizi, hakuna kitongoji kingine cha Kisarawe ambacho kingempa ngazi. Na yeye angeondoka na dishi lake, lakini mama angebaki pale, na jina lile.

Kikao kilifanyika barazani kwa Mzee Jabiri, mchana wa Jumamosi baada ya adhuhuri. Zuleha alitoa shikamoo kwa wakubwa, akaitikiwa marahaba kavu. Alianza kueleza biti na baiti. Aliona macho yakimponyoka moja moja. Mzee mmoja akamwuliza jirani yake, kwa sauti ya kutosha kusikika na wote, kama hicho ni Kiingereza au ni dawa.

Zuleha akaacha maneno. Akamwomba mke wa Mzee Jabiri mahindi, kopo la nusu lita, lile ambalo wazee bado huliita kibaba, na kisado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne ambayo kila mnunuzi wa mihogo na maharage anaijua. Akapiga magoti mbele ya kikao na kuanza kuchota. Kopo la kwanza likazama chini ya kisado kama limedharauliwa. Akaendelea. Kopo la nane likakijaza hadi ukingoni.

"Hili kopo ni biti," akasema. "Hiki kisado ni baiti. Kampuni inauza kwa kopo. Simu ya Sadick inapima kwa kisado. Makopo mawili ndani ya kisado ni ngapi?"

Wanawake ndio waliojibu kwanza, maana wao ndio wauzaji. Ni robo.

Sadick alikitazama kisado, akaitazama simu, akakitazama kisado tena. Hakuwa kijana wa kushindwa kirahisi.

"Dada Zuleha, sawa. Lakini basi mmetuuzia kopo sisi tukidhani kisado."

"Ni kweli," Zuleha akamjibu. "Namba uliyoisoma ilikuwa sahihi, Sadick. Mimi ndiye niliyekaa hapa nikasema ishirini, nikanyamaza. Sikusema ishirini ya nini."

Hapo baraza likalegea kidogo. Lakini mzee yule yule aliyeuliza habari za dawa alikuwa na swali lingine, tena la haki: kopo au kisado, mechi ya kijana haikushuka, na mjukuu wake Muscat bado anaganda mdomo wazi. Kama hakuna mwizi, mbona njaa ipo?

Swali hilo ndilo Zuleha alilokuwa akiliogopa tangu alipovuka kilima, kwa sababu jibu lake lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Akageuka kwa Mzee Jabiri, akazungumza taratibu.

"Mjomba, nyama usiyoila leo utaikausha, utaila kesho. Megabiti haikauki. Sekunde hii usipoitumia, imekwenda. Sasa hivi nyumba kumi zimefungiwa mafungu yao, na nyumba nane watu wake wako hapa barazani. Mafungu yao hayaliwi na mtu."

Wote waliokuwepo walijua kinachosemwa: kwamba mkono uliogawa bila kosa miaka yote umekosea mara hii.

"Kwa hiyo," Mzee Jabiri akasema, "fungu la aliyelala linaoza."

"Linaoza pale pale, mjomba."

"Nami ndiye niliyelifunga."

"Ulilifunga kwa haki. Ila kitu chenyewe si nyama."

Akaomba ruhusa afungue mafungu hadi alasiri, watu waone. Mzee Jabiri akainua mkono kuashiria aendelee. Zuleha akaichukua kompyuta yake, akabadili mpangilio wa ruta, akamwambia Sadick ajaribu. Kijana akabonyeza. Hakupata hata nafasi ya kuagiza chai. Simu ilionyesha mbili na nusu, na kipande cha mechi kikashuka wakati bado anatafuta mahali pa kuegemea.

Vijana wakapiga makofi. Zuleha angeweza kuishia hapo akaondoka na ushindi wake, na wengi katika biashara hii wangeishia hapo. Yeye akawaambia watu warudi nyumbani kwao, kila mmoja awashe simu na kushusha kitu kikubwa, wote kwa pamoja, halafu warudi waseme walichokiona. Sadick akamnong'oneza kwamba atajiharibia. Hakumsikiliza.

Walirudi na nyuso zilizopoa. Robo, mmoja akasema. Hata robo haifiki, akasema mwingine. Na nyumba ya mwisho bondeni haikupata kitu kabisa.

"Huo ndio ubaya mkubwa wa kufungua mafungu," Zuleha akawaambia. "Nilitaka muuone nikiwepo, siyo muugundue nikiwa Maili Moja."

Nyumba ya mwisho bondeni ilikuwa ya Mwanakheri, mjane. Mzee Jabiri alipomsikia akisema hakupata kitu, uso wake ukarudi ule wa siku ya sadaka. Akasema kwa sauti ile isiyopanda kwamba basi mafungu hayakuwa upuuzi. Ukiondoa mafungu, wenye simu kubwa watakula na mjane atalala njaa. Hilo halitatokea katika kitongoji anachokiongoza yeye.

Na hapo Zuleha akatambua kwamba mzee alikuwa amekosea kwenye kitu, lakini hakukosea kwenye haki. Wakakaa wawili, kompyuta katikati yao, hadi adhana ya alasiri. Walipoinuka walikuwa na mpango: wakati wa msongamano kila nyumba ina uhakika wa megabiti zake mbili, haziguswi na mtu. Ila nyumba isipozitumia, zinakwenda kwa aliye macho, na mwenyewe akiamka anarudishiwa papo hapo.

"Sasa hata aliyelala hajapoteza," Mzee Jabiri aliwatangazia watu, "na aliye macho hajaiba."

Dishi halikushushwa. Katika juma lile lile, wanawake wawili walikwenda kwa Bi Hamisa kumwomba akasimamie wali kwenye maulidi. Hawakutaja mabati, naye hakuyataja. Alichukua mwiko wake akawafuata.

Zuleha alirudi Maili Moja na kulipaka rangi upya bango la fremu yake. Sasa kila bei ina namba mbili za ukubwa ule ule: makopo mangapi, visado vingapi. Uamuzi huo haukumletea neema ya haraka. Mteja akiona fundi mmoja ameandika hamsini peke yake, na mwingine ameandika hamsini kisha sita na robo, mara nyingi humkimbia huyu wa pili akidhani anapunjwa. Miezi miwili ya mwanzo, anasema, alipoteza wateja zaidi kuliko aliowapata. Kampuni anayoitumikia ilimwomba aiondoe namba ndogo. Aliwajibu kwamba bango ni lake, rangi ni yake, na anayetukanwa juu ya paa ni yeye.

"Waliobaki hawanipigii simu kunitukana," anasema. "Wananipigia kunipa jirani yao."

Latifu wa Zegereni ni mmoja wa majirani hao. Asubuhi hii, baada ya kopo la nane kujaza ndoo, na mchanga wa karakana ukiwa umeshika nafasi ya mahindi, amemlipa fundi wake bila neno. Kibarua wa toroli amebaki akikitazama kisado, kisha akasema kumbe bosi hakudanganywa, amechelewa tu kusoma. Latifu amemwambia arudi kwenye toroli.

Alasiri, Zuleha yuko Mikoroshini, amekaa kwenye kibao cha mbuzi nje ya jiko la mama yake, buti zimevuliwa. Bi Hamisa anamenya mihogo. Mwanawe anamweleza kwamba Jumatatu anakwenda Gwata, huko wilaya ya Kibaha Vijijini, ambako wakulima wa mboga wanataka kuungana kama walivyoungana watu wa bondeni. Wakimkubali, atakuwa na kazi ya kutosha kununua vifaa vyake mwenyewe, ili siku moja auze intaneti kwa jina lake na siyo kwa jina la kampuni ya mtu. Hajui kama watamkubali. Huko hana mama, hana mjomba, hakuna anayemjua ni mtoto wa nani.

"Wamekuuliza nini mpaka sasa?" Bi Hamisa anataka kujua.

"Wameuliza bei tu."

Mama anautia muhogo kwenye sufuria, anachukua mwingine.

"Usiwape. Ukifika, wape kwanza kipimo wakishike kwa mikono yao. Hiyo bei wataiuliza tena."